Chembe ya moyo

Kwetu Tanga mtu akikwambia "chembe ya moyo inaniuma," hakuna anayefikiria moyo. Chembe ya moyo ni pale mbavu zinapokutana, juu ya tumbo, na kila nyumba ina dawa yake: magnesia, chai ya tangawizi, au soda ya baridi ili gesi itoke. Kaka yangu alianza kulalamikia chembe ya moyo saa nne usiku. Alikuwa na miaka 51. Alitokwa na jasho hadi fulana ikalowa, akatapika mara moja, akasema mkono wa kushoto umekuwa mzito. Shemeji akampa magnesia na kumkanda mgongo. Akanipigia simu, nami nikasema, "Mwache apumzike, asubuhi tutampeleka hospitali." Adhana ya alfajiri ilimkuta ameshafariki.

Msibani wote tulisema ni gesi imepanda kifuani. Mimi nami nilisema hivyo kwa watu waliokuja kutoa pole.

Wakati ule nilikuwa na miaka 50. Mimi ni fundi cherehani, kiti changu nakikalia tangu saa mbili asubuhi mpaka magharibi. Nilikuwa navuta sigara 12 kwa siku, nanunua moja moja kwa muuza duka wa jirani. Presha nilishaambiwa ninayo, na vidonge nilikuwa navyo, ila nilimeza siku kichwa kinaponiuma tu. Kisipouma, niliamini presha haipo. Ilichukua miaka 2 tangu msiba ndipo nikaenda kupimwa, tena kwa kuwa mke wangu alinishika mkono. Mashine ilisoma 172 kwa 104. Nilikuwa sisikii maumivu yoyote, na asubuhi hiyo nilikuwa nimeshakata suti mbili.

Daktari alikuwa binti wa rika la mwanangu wa kwanza. Aliniamkia, akanipima tena mkono wa pili, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Mzee, katika ndugu zako wa tumbo moja, yupo aliyefariki ghafla?" Nikamsimulia habari za kaka. Hakusema lolote kuhusu gesi. Aliagiza nipimwe sukari na mafuta ya damu. Sukari ilikuwa sawa. Lehemu, yale mafuta ya damu wanayoyaita kolesteroli, ilikuwa 6.1, na wao hupenda iwe chini ya 5.

Nilipomrudishia majibu alifungua droo akatoa karatasi yenye visanduku vya rangi. Ni chati ya Shirika la Afya Duniani, na ile yake ilitengenezwa kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki. Unatafuta upande wa wanaume au wanawake, wenye kisukari au wasio nacho, wavutaji au wasiovuta. Halafu unashuka kwenye umri, unatafuta presha yako, unakwenda mpaka kwenye lehemu. Kisanduku unachofikia kina namba: kati ya watu 100 walio kama wewe, wangapi watapata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya miaka 10. Kijani ni chini ya 5. Njano inaanzia 5, rangi ya chungwa 10, nyekundu 20, na nyekundu iliyoiva ni 30 kwenda juu.

Kidole chake kilisimama kwenye njano. Nikashusha pumzi. Akaniambia, "Usifurahi bado, Mzee. Chati hii haimjui kaka yako." Akaeleza kwamba baba au ndugu wa kiume akipata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65, hatari yako inapanda kuliko chati inavyoonyesha. Kwangu mimi njano haikuwa ya kuaminika.

Kisha akafanya jambo ambalo ndilo hasa lililonibadilisha. Akahamisha kidole kutoka upande wa wavutaji hadi upande wa wasiovuta. Akakishusha kutoka kwenye presha ya 160 na ushei hadi 120 na ushei. Akakisogeza kwenye lehemu ya 4. Kikatua kwenye kijani. Umri wangu haukusogea na jinsia yangu haikusogea, lakini vitatu vile vilikuwa mikononi mwangu. Nilikuwa nimeshajiandaa kusikia kwamba ya kaka ni ya Mungu na yangu itakuja siku yake. Ajali ni ya Mungu, naamini hivyo hadi leo, lakini sigara nilikuwa nainunua mwenyewe.

Nilimwomba anieleze mshtuko wa moyo unatokeaje, maana nilidhani ni mtu kushtushwa na habari mbaya. Akasema moyo nao unahitaji kulishwa damu, na mishipa inayoulisha inaitwa korona. Presha kali na moshi wa sigara huuharibu ukuta wa ndani wa mshipa. Mafuta hujipenyeza mle, yakajenga kivimbe. Siku kivimbe kikipasuka, damu inakiona kama jeraha na inaganda juu yake, kama inavyoganda kidoleni ukijichoma sindano. Donge hilo likiziba njia, sehemu ya msuli wa moyo iliyo mbele yake inakosa damu na kuanza kufa. Na kivimbe kinachopasuka mara nyingi kilikuwa kidogo, hakijaziba hata nusu ya mshipa. Ndiyo maana mtu anaweza kushinda mzima mchana akadondoka usiku. Nilimkumbuka kaka akicheza bao alasiri ile.

Dawa nilianza siku ileile. Ya kwanza, amlodipini, ilinishusha hadi 150 na ikanivimbisha vifundo vya miguu. Zamani ningeiacha kimyakimya. Safari hii nilirudi kusema, nikapunguziwa kipimo na kuongezewa ya aina nyingine, uvimbe ukaisha. Nikapewa na ya lehemu, atovastatini, ambayo nameza usiku. Aspirini ndogo niliyokuwa najinunulia kila mwezi kwa ushauri wa rafiki aliniachisha: kwa mtu ambaye hajawahi kupata mshtuko wa moyo wala kiharusi, hatari ya kuvuja damu tumboni au kichwani inaweza kuzidi faida. Sitaji vipimo vya dawa zangu, na nakusihi usiende kununua kwa kuwa umesoma hapa. Kila mtu ana figo zake na maradhi yake.

Sigara ndiyo iliyonitesa. Nilipanga tarehe, nikamwambia muuza duka asiniuzie hata nikimlilia, na aliheshimu. Wiki mbili za mwanzo usingizi ulipotea, nikawagombeza vijana wa ofisini kwa makosa madogo, kisha nikawaomba radhi na kuwaeleza ninachopitia. Tamaa ilinishika zaidi baada ya chai ya saa nne, kwa hiyo nikaacha kunywa chai kibarazani walikokaa wavutaji. Mwezi wa tatu nilivuta mbili kwenye harusi. Asubuhi yake niliendelea kuhesabu siku zangu. Ukimaliza mwaka mmoja bila sigara, hatari ya ugonjwa wa moyo iliyoletwa na sigara inapungua kwa karibu nusu. Mimi mwaka huo nimeupita.

Chakula kilikuwa kazi ya mke wangu kuliko yangu, na lazima niseme hivyo. Tuliambiwa chumvi ya siku nzima kwa mtu mmoja isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Tulipoanza kuihesabu tuligundua haikuwa imejificha kwenye sufuria ya mchuzi peke yake. Ilikuwa kwenye achari, kwenye embe bichi la chumvi na pilipili, kwenye vidonge vya mchuzi, na zaidi ya vyote kwenye papa mkavu, chakula nilicholelewa nacho. Papa hatujamfukuza. Analowekwa usiku kucha, maji yanabadilishwa mara mbili, na anapikwa mara moja kwa mwezi bila kuongezwa chumvi. Nazi tunapikia tui la pili, lile jepesi, na tui zito linasubiri wageni. Ndimu, kitunguu saumu na bizari vimechukua nafasi ya chumvi kwa kiasi ambacho sikukitegemea. Mafuta ya kukaangia hatuyarudii.

Ramadhani niliogopa, lakini nilikwenda kwa daktari mwezi wa Shaabani, akapanga dawa zangu kati ya futari na daku. Wapo aliowakataza kufunga. Huwezi kujipangia mwenyewe. Futarini ninachukua sambusa moja, basi, halafu viazi na samaki.

Mazoezi ni baiskeli. Mji wetu ni tambarare na watu wa Tanga baiskeli tunazaliwa nayo, mimi niliiacha nilipopata pesa ya bodaboda. Sasa baada ya swala ya alfajiri natoka Ngamiani mpaka Raskazone, naangalia bahari kidogo, narudi. Siku 5 kwa wiki, zaidi ya nusu saa kila siku, inavuka zile dakika 150 wanazoshauri.

Nyumbani tumenunua mashine ya presha, na nayo ina adabu zake. Kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu miwili chini bila kupishana, mkono mezani usawa wa moyo, kahawa isiwe imenyweka nusu saa kabla, na usiongee. Ukiongea inapanda. Naandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma. Mwezi uliopita wastani wangu ulikuwa 128 kwa 80. Lehemu imeshuka hadi 4.3.

Na tumekubaliana jambo moja nyumba nzima. Mtu yeyote akibanwa kifua zaidi ya dakika chache, au maumivu yakienda mkononi, taya au mgongoni, au akitokwa jasho la baridi na pumzi kumkata, hatumpi magnesia na hatusubiri asubuhi. Hasa akiwa mwanamke au mwenye kisukari, ambaye anaweza asisikie maumivu makali, ila uchovu mzito na kichefuchefu tu. Namba ya jirani mwenye bajaji imeandikwa ukutani. Hospitali watampima umeme wa moyo, na kama mshipa umeziba, ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ambayo inasaidia zaidi kadiri inavyowahi saa za mwanzo. Kuzibuliwa mshipa kwa mrija hufanyika Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na kutoka kwetu ni zaidi ya kilomita 300. Umbali huo nimeufikiria sana ninapoendesha baiskeli.

Shemeji alikuja dukani wiki iliyopita kuchukua nguo. Aliona mashine mezani, akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo shemeji, haikuwa gesi?" Nilimjibu kwamba hakupimwa, kwa hiyo siwezi kuapa, lakini kwa dalili zile, mimi siamini tena kwamba ilikuwa gesi. Nikamwambia pia kuwa neno la kusubiri asubuhi nililisema mimi, si yeye. Alikaa kimya muda mrefu.

Jumapili akaja na mwanawe mkubwa, ana miaka 31. "Shikamoo baba mdogo," akakaa, nikamwekea mkono sawa, nikamwambia asiongee. Ilisoma 148 kwa 92. Nilimpima tena baada ya dakika chache, 146. Jumatano tunakwenda wote kliniki, na nimemwambia amtaje baba yake akiulizwa.