Nilivyoweza kuwaona wanasesere wa hina katika miji ya kale ya Japani

Mara ya kwanza nilipofika Makabe, mji mdogo wa kale katika mkoa wa Ibaraki, ilikuwa tarehe 5 Machi, na nilikuwa nimekuja kuwatazama wanasesere wa sikukuu ya watoto wa kike, nami nilikuta madirisha ya maduka yakiwa matupu na mitaa imetulia kabisa. Mzee mmoja aliyekuwa akifagia mbele ya duka lake alinieleza kwa upole kwamba wanasesere walikuwa wamekwisha kurudishwa masandukuni, kwa kuwa familia nyingi zina imani ya tangu zamani kuwa wakiachwa nje baada ya tarehe 3 Machi, binti wa nyumba hiyo atachelewa kuolewa. Mimi nilikuwa nimedhani kwamba tarehe 3 ndiyo mwanzo wa sherehe, kama vile Idi Mosi inavyofuatwa na Idi Pili na siku za kutembeleana, kumbe ndiyo mwisho wake. Nilirudi Tsukuba, nilikokuwa nikisoma, nikiwa nimeazimia kwamba mwaka unaofuata nitajipanga vizuri zaidi.

Sikukuu hiyo huitwa Hinamatsuri, na hina ni jina la wanasesere wenyewe, nayo ni siku ya kuwaombea watoto wa kike afya njema na maisha ya heri. Familia yenye binti hupanga wanasesere waliovaa mavazi ya kasri la kifalme la enzi ya Heian (karne ya 8 hadi ya 12), na seti iliyokamilika huwa na wanasesere 15 juu ya ngazi saba zilizotandikwa kitambaa chekundu. Katika miji mingi ya leo wanasesere hao huonekana katika vyumba vya maonyesho au katika maduka makubwa, lakini katika baadhi ya miji ya kale wenyeji huwapanga katika nyumba zao wenyewe na kuwafungulia wapita njia milango. Hicho ndicho nilichokitafuta, kwani mwanasesere aliyerithiwa kutoka kwa nyanya ya mama mwenye nyumba huonekana kwa namna nyingine anapokuwa katika chumba alichokaa nyanya huyo.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuielewa kalenda, na ninaona ndiyo kazi iliyonisaidia kuliko zote. Zamani sikukuu hii ilihesabiwa kwa kalenda ya mwezi, ikaangukia siku ya tatu ya mwezi wa tatu, wakati mipichi inapochanua, na ndiyo maana hadi leo huitwa pia sikukuu ya mpichi. Japani ilipoanza kutumia kalenda ya sasa mwaka 1873, tarehe 3 Machi ikajikuta katika baridi kabla ya maua hayo. Baadhi ya miji iliifuata tarehe mpya, na mingine ikaisogeza sikukuu mwezi mmoja mbele hadi tarehe 3 Aprili ili ilingane zaidi na majira yake ya awali. Nilipolifahamu jambo hilo, nilitambua kwamba mtu anaweza kuwafuata wanasesere kwa takriban miezi miwili mfululizo: Makabe huonyesha kuanzia tarehe 4 Februari hadi 3 Machi, Katsuura katika mkoa wa Chiba huwa na siku chache zinazoishia tarehe 3 Machi, na Murakami katika mkoa wa Niigata huanza tarehe 1 Machi hadi 3 Aprili. Yanagawa, mji wa mifereji ulioko katika kisiwa cha Kyushu, nao huendelea hadi mwanzoni mwa Aprili, ila nauli ya kufika huko ilinishinda.

Katsuura nitaitaja kwa ufupi. Huko, katika hekalu la Tomisaki, wanasesere zaidi ya elfu moja hupangwa juu ya ngazi 60 za mawe, wakitazama mji wa wavuvi ulio chini yao. Watu wa kujitolea huwapanga kila asubuhi na kuwaondoa kila jioni, na mvua ikinyesha hawapangwi kabisa. Ni mandhari ambayo sitaisahau. Hata hivyo, umati ulikuwa mkubwa kiasi kwamba kila mmoja alipata dakika chache tu za kusimama, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza mwanasesere huyu alitoka kwa nani.

Makabe nilikwenda kwa baiskeli, Jumamosi moja katikati ya Februari. Kutoka Tsukuba ni zaidi kidogo ya kilomita 20, na sehemu kubwa ya safari hupita katika njia ya baiskeli iliyojengwa juu ya reli ya zamani ambayo ilifungwa mwaka 1987. Mlima Tsukuba, wenye kimo cha mita 877, hukaa upande wa kulia muda wote unapoelekea kaskazini. Ugumu ni upepo wa majira ya baridi, ambao hushuka kutoka kaskazini na kukupiga usoni. Nilivaa glavu mbili mbili, na nilipofika kwenye jukwaa la zamani la stesheni ya Makabe ilinibidi nikae kwanza hadi vidole vikapata uhai. Anayependa kufika bila taabu anaweza kupanda basi, lakini aangalie ratiba mapema, kwa kuwa mabasi ya huko ni machache.

Makabe ina takriban majengo mia moja yaliyosajiliwa na serikali ya Japani kuwa urithi wa utamaduni: maghala yenye kuta nene za udongo na lipu nyeupe, malango ya mbao yenye mapaa ya vigae, na jengo la posta ya zamani ambalo lilijengwa mwaka 1927 likiwa tawi la benki. Mwaka 2010 sehemu ya mji ilitangazwa kuwa eneo la kuhifadhiwa. Maonyesho yenyewe yalikuwa yameanza kabla ya hapo, mwaka 2003, kwa hiari ya wakazi wachache waliosikitika kuona wageni wanakuja kutazama majengo katika baridi kali bila kupata cha kuwachangamsha. Hakuna kiingilio, na wala hakuna anayekuongoza. Unapewa ramani, kisha unatembea.

Siku ile nilizunguka kwa karibu saa nzima nikitazama kupitia vioo tu, kwa sababu sikujua kama ninaruhusiwa kuingia. Kilichonifungua ni neno moja. Mbele yangu mama mmoja Mjapani alisogeza mlango wa nyumba akaita, "Gomen kudasai," akasubiri, na sauti kutoka ndani ikamkaribisha. Nilitambua papo hapo kwamba ile ilikuwa hodi. Sisi tuliolelewa Pwani tunajua kwamba mlango ulio wazi haumaanishi kuingia kimya kimya, na kwamba anayebisha hodi hupewa karibu. Nikaufanyia mlango uliofuata kama ambavyo ningeufanyia mlango wa jirani yetu kule Kisarawe. Baada ya hapo sikukataliwa hata mara moja. Nilijifunza pia kuomba ruhusa kwa neno "haiken", lenye maana ya kutazama kwa unyenyekevu, na kuulizia picha kabla ya kutoa simu mfukoni. Viatu huvuliwa kizingitini na kugeuzwa vielekee nje, na mikono huwekwa mbali na wanasesere, kwa kuwa mafuta ya vidole huacha alama usoni mwao ambazo hazifutiki kwa urahisi.

Nyumba niliyokaa muda mrefu kuliko zote ilikuwa ya bibi mmoja wa umri wa miaka themanini na ushee. Alikuwa na seti mbili: moja ya ngazi saba, aliyonunuliwa binti yake, na nyingine ya wanasesere wawili tu, mfalme na malkia, waliokuwa wa mama mkwe wake. Alinionyesha wale wa ngazi saba mmoja mmoja. Chini ya mfalme na malkia wamo wanawake watatu wa kasri, kisha wanamuziki watano, mmoja akiimba na wengine wakishika filimbi na ngoma, kisha mawaziri wawili, na chini yao watumishi watatu ambao mmoja hulia, mmoja hukasirika na mmoja hucheka. Bibi alisema kwamba binti yake alipokuwa mdogo alimpenda yule anayelia na kila usiku alikwenda kumtakia usingizi mwema. Nilipomuuliza weupe ule wa nyuso hutokana na nini, alinieleza kuwa ni unga wa makombe ya chaza yaliyosagwa, unaopakwa tabaka juu ya tabaka kisha kusuguliwa. Wale wawili wa zamani walikuwa wamepoteza kidogo rangi ya midomo, na hariri ya mikono yao ilikuwa imeanza kuchakaa, lakini nyuso zilikuwa na utulivu ambao sikuuona kwa wanasesere wapya.

Nikiwa nimepiga magoti pale, nilimkumbuka mwana hiti wa Wazaramo, kijisanamu cha mti ambacho mwali alipewa akitunze awapo ndani. Makusudio yake si sawa na ya hina, wala sitaki kuyalazimisha yafanane, lakini nilimweleza bibi kuhusu mwana hiti kwa Kijapani changu kifupi, naye aliniuliza kama mwali alikitunza kwa mikono yake mwenyewe. Nilipojibu ndiyo, aliinamisha kichwa na kunyamaza kwa muda.

Jambo moja ninapenda kuwatahadharisha Waislamu wenzangu. Katika nyumba na vibanda vya Makabe wageni hupewa vitu vya kuwapasha joto, mojawapo ikiwa amazake, kinywaji kizito kama uji chenye utamu wake wa asili. Iko amazake inayotengenezwa kwa mchele na kimea chake, ambayo haileweshi, na iko inayotengenezwa kwa machicha ya pombe ya mchele. Ni vema kuuliza kabla ya kupokea, na hakuna anayekasirika. Bibi yule alipojua sababu yangu alinipa chai, na baadaye nilikula suiton, supu ya mboga yenye madonge ya unga wa ngano, baada ya kuulizia kilichokuwamo.

Kabla sijaondoka, bibi alinionyesha ufa uliozibwa katika ukuta wa ghala lake. Tetemeko la tarehe 11 Machi 2011 lilitokea siku nane tu baada ya kumalizika kwa maonyesho ya mwaka huo. Mapaa mengi ya Makabe yalipoteza vigae na kuta za maghala zilibomoka. Wanasesere wake walikuwa wamekwisha kufungwa masandukuni, kila mmoja katika karatasi yake, na hakuna aliyevunjika. Tangu siku hiyo, alisema, hakubali kuchelewa kuwafunga, na sababu yake haihusiani tena na kuolewa kwa mtu. Aliniambia kwamba nikitaka kujifunza, nirudi siku ya kwanza yenye jua baada ya tarehe 3.

Nilirudi. Kazi hiyo hufanywa siku kavu kwa sababu unyevu ukifungiwa sandukuni huleta ukungu na wadudu. Nilipewa brashi laini ya manyoya ya kupangusia vumbi nguoni, na bibi alijiwekea mwenyewe kazi ya nyuso: alizungushia kila uso karatasi laini nyeupe, akaifunga kwa nyuma bila kuibana, ndipo akanipa mwanasesere nimlaze. Vifaa vidogo, yaani upanga, pepeo na filimbi, viliwekwa katika bahasha zilizoandikwa jina la mwenye navyo, kwa maana mwakani hakuna atakayekumbuka filimbi ni ya nani. Ilituchukua asubuhi nzima, na kwangu ilikuwa na thamani kuliko kutazama kwote.

Murakami nilikwenda mwishoni mwa Machi, kwa treni ya kasi hadi Niigata na treni nyingine kwa muda usiofika saa moja. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani na nilikuwa nimefunga, jambo ambalo lilinitia wasiwasi, kwa kuwa nilijua nitakaribishwa kila ninapoingia. Tangu mwaka 2000 wenyeji wa mji huo hufungua si duka tu bali pia chumba cha ndani chenye jiko la katikati ya sakafu, ambamo wanasesere hupangwa chini ya dari refu lililotiwa weusi na moshi wa miaka mingi. Pamoja na hina kuna wanasesere wa mashujaa wa vita na wanasesere wa udongo, na katika duka moja walikuwa karibu na samaki aina ya samoni walioning'inizwa kwa mikia wakaushwe; matumbo ya samoni hao hayapasuliwi moja kwa moja bali huachwa sehemu iliyoshikana, kwa sababu katika mji huu wa ngome kupasua tumbo kulikumbusha jinsi samurai, yaani askari wa zamani, walivyojiua kwa kujipasua tumbo.

Niliamua kusema mapema, mara tu baada ya hodi, kwamba nimefunga hadi jua lizame na kwamba nimekuja kuwatazama wanasesere. Kusema mwanzoni ni bora kuliko kukataa kikombe ambacho kimekwisha kumiminwa. Katika nyumba ya tatu mama mwenyeji alisikiliza, akaniuliza treni yangu inaondoka saa ngapi, akatazama saa ya ukutani, kisha akaingia ndani. Alirudi na mochi, yaani vipande vya mchele wa kunata uliopondwa, za rangi tatu, waridi, nyeupe na kijani, zilizokatwa kwa umbo la almasi kama zile zilizokuwa mbele ya wanasesere wake, akazifunga katika karatasi na juu yake akaandika saa ya kuzama kwa jua ya siku ile. Nilizifungua treni ikiwa imekwisha kuondoka Murakami, dakika ileile aliyoiandika.