Kasi Iliyokuwa Ikiishia Ukutani

Jumapili usiku

Bili ya intaneti ya mwezi huu imeshuka kutoka shilingi 4,000 na ushei hadi chini ya 3,000, na humu nyumbani hakuna aliyelalamika. Mavyaa wangu ndiyo kwanza anafurahi.

Mume wangu alitaka tupande kifurushi cha juu zaidi, maana huko orofani intaneti ilikuwa haishikiki. Nikamwomba tupime kwanza. Nyumba yetu ni ya kizamani, ya Mji wa Kale hapa Mombasa: mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta mnene hata watoto hukaa ndani ya dirisha wakakunja miguu. Wakati wa joto la Kaskazi nazishukuru kuta hizi. Mawimbi ya Wi-Fi nayo hayazipendi. Rauta, kile kisanduku kinachorusha Wi-Fi, ilifungwa chini sebuleni, nyuma ya runinga, pale pale waya ulipoingilia. Nikasimama kando yake na simu: megabiti 29 kwa sekunde, kwenye kifurushi cha 30. Nikapanda chumbani kwa mavyaa: 3, kisha 2, kisha kimya.

Hapo nikaelewa kwa nini kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana mazungumzo yake na bintiye aliye London yalikuwa ni "Wanisikia? Mwanangu, wanisikia?" mpaka akachoka akaiweka simu. Tungelipia hata megabiti 100, zingebaki sebuleni.

Fundi wa mtaani alipokuja akaniambia, "Dada, mawimbi haya ya 5 GHz yana mbio lakini hufa ukutani. Bi mkubwa muwekee haya ya 2.4, ya polepole lakini hupenya zaidi." Akaitoa rauta nyuma ya runinga akaipandisha juu ya kabati, akavuta waya kupitia ngazini hadi ukumbi wa juu, na huko akafunga rauta kuukuu tuliyokuwa nayo. Waya na kazi yake havikufika nusu ya bili ya mwezi.

Baada ya hapo ndipo nikakaa na kalamu. Filamu ya HD yataka kama megabiti 5 kwa sekunde. Ile ya 4K, yenye picha kali zaidi, yataka kama 15, na runinga yetu si ya 4K. Simu ya video ni 2 au 3 hivi. Jioni yenye fujo kuliko zote, runinga inawaka, bi mkubwa yuko na bintiye, mwanangu yuko kwenye masomo na mimi namalizia kazi ya ofisi, hatufiki 15. Basi nikapiga simu tushushwe kifurushi. Kijana wa huduma kwa wateja alinitajia ofa za kupanda tu, moja baada ya nyingine, hadi nikamwomba kwa upole aniandikie ombi langu kama nilivyolisema.

Kuna jambo jingine lililonifanya nishike msimamo. Bei ile ina kodi ndani yake. Ushuru wa bidhaa kwenye intaneti ulipunguzwa mwaka 2023 kutoka asilimia 20 hadi 15, na juu yake huja VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16. Ukipiga hesabu kwa viwango hivyo, robo ya bili ni kodi: kwenye 4,000, kama 1,000 nzima. Kila shilingi ya kifurushi unayoipunguza inaondoka na kodi yake.

Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika nchi kavu hapa hapa Mombasa mwaka 2009, na wengi wetu tulitarajia intaneti rahisi. Kwangu mimi, kilichokuja mara nyingi ni kasi zaidi kwa bei ile ile, na ni nadra kuulizwa kama hiyo kasi tunaihitaji. Kwa nyumba yenye karo ya shule na dawa za presha za mzee, 1,000 kwa mwezi si pesa ya kuachia ukuta.

Jirani wa orofa ya juu kasikia habari, akaomba tuchangie laini moja tugawane bili. Mkataba ni wa nyumba moja, nami sitaki mambo ya kujificha. Kesho baada ya alasiri nitapanda kwake na simu yangu tupime chumba kwa chumba, tuone kama kifurushi cha chini kabisa hakimtoshi na yeye.