RAM ya VM: piga hesabu kwanza ndio uende dukani

Vijana wanaosomea mambo ya mitandao na sekyuriti huwa wananiuliza hivi, bro, kompyuta ya kuendeshea VM (virtual machine, yaani kompyuta ya kuigiza inayoishi ndani ya kompyuta yako) nichukue yenye prosesa ya i5 au i7? Mimi nauliza RAM ngapi, halafu nauliza sloti za kuchomekea RAM ziko ngapi, prosesa tutaiongelea mwisho kabisa. VM ikibanwa na prosesa inaenda polepole tu, inasubiri zamu yake, ila RAM ikiisha mashine nzima inaanza kuhamishia mambo kwenye diski na hapo hata mausi inagoma kutembea, na kama diski yenyewe ni zile HDD za kuzunguka basi wee nenda zako kapike chai kabisa.

Hesabu yenyewe rahisi. Usijumlishe VM zote ulizonazo, jumlisha zile zitakazowaka kwa wakati mmoja. Chukua lab, yaani mtandao mdogo wa mazoezi, ambayo karibu kila anayejifunza anaijenga: Windows Server 2022 ndio domain controller (seva inayosimamia akaunti na kompyuta za mtandao), Windows 10 moja ya mfanyakazi wa kufikirika, Kali (Linux ya kujaribia sekyuriti), na pfSense, ambayo ni firewall, inakaa katikati. Microsoft wanasema Server yenye desktop inataka angalau 2GB, sawa, itawaka, ila utazeeka ukisubiri Server Manager ifunguke, ipe 4. Windows 10 nayo 4. Kali 2 inatosha kama huifungulii Firefox yenye tabu kibao. pfSense 1 inakaa raha mustarehe. Hapo tuko 11. Bado kompyuta yenyewe sasa, Windows 11 plus Chrome yenye video ya YouTube unayofuatisha, weka 4 au 5. Umeshafika 16 na hata Word hujafungua.

Ndio maana mtu mwenye 16 nikimuuliza lab inaendaje anasema "inaenda ila inabana". Jibu langu mimi kwa anayejifunza ni 32. 16 ni pa kuanzia, na 64 waachie wanaocheza na EVE-NG (programu ya kuigiza mitandao) na topolojia kubwa za Cisco, kwa sababu huko ruta moja ya CSR1000v inaomba 4GB peke yake, weka sita uone. Mwenye 8 asikate tamaa lakini, Debian ya seva isiyo na desktop inaishi hata na 512MB, so kama unajifunza Linux na Docker (ya kuendeshea programu kwenye vifurushi vyepesi kuliko VM) tu unafika mbali sana bila kutumia hata mia.

Na kabla hujanunua angalia kama hizo VM ulizonazo hazijashiba kupita kiasi. Watu wengi kwenye VirtualBox, programu ya kuendeshea VM, wanavuta ile slaida ya RAM mpaka mwisho wa kijani, karibu na nyekundu, eti VM iwe na spidi. Ingia ndani ya VM ya Linux, fanya kazi zako kama kawaida kwa muda, halafu andika free -h. Usiangalie safu ya free, hiyo inatisha watu bure maana Linux inatumia RAM iliyokaa bure kutunza mafaili iliyoyasoma, angalia safu ya available. Kama umeipa 4GB na available inasoma 3, izime irudishe 2, umeokoa 2GB bila kwenda Kariakoo.

Haya, sasa sloti. Windows fungua Task Manager, Performance, Memory, utaona pameandikwa Slots used 1 of 2 au vyovyote. Linux andika sudo dmidecode -t memory. Hapa ndipo i7 inapowapiga watu chenga, maana i7 ya jeneresheni ya 4 inatumia DDR3L, aina ya RAM ya zamani, kipande kimoja mwisho 8GB, so laptop ya sloti mbili haivuki 16 hata uiombee dua, wakati i5 ya jeneresheni ya 8 kama ile ya ThinkPad T480 karatasi za Lenovo zinasema 32 na watu wanaiwekea 64 na inawaka vizuri tu. Ila soma jina lote, T480s kwenye picha ya tangazo ni pacha wake kabisa na ina sloti moja tu, RAM nyingine imegandishwa kwenye madabodi. X1 Carbon ndio usiseme, yote imegandishwa, ulichonunua ndicho hicho hicho.

Ukinunua chukua kipande kimoja cha 16 badala ya viwili vya 8. Najua viwili vinaipa mashine spidi zaidi ya memori, ila VM shida yake nafasi, na ukipata hela tena unaongeza cha pili bila kuuza vya zamani kwa hasara. Soma stika: PC4 ni DDR4, PC3L ni DDR3L, haziingiliani hata ukisukuma. Desktop pia kuwa makini na zile RAM za seva zinazouzwa bei chee, zimeandikwa ECC Registered, kwenye desktop ya kawaida haziwaki.

Bei nazo zimechangamka toka mwishoni mwa 2025, viwanda vimekimbilia memori za seva za AI na sisi wa DDR4 ya mtumba tumeguswa pia, so sio kipindi cha kununua 64 ya kuringishia. Kubaliana na muuzaji wakati hela bado iko mfukoni kwamba ikisumbua ndani ya siku kadhaa unarudisha, halafu usiku ukifika nyumbani iachie Memtest86+, programu ya kupima RAM, mpaka asubuhi. Ukikuta mistari myekundu rudi nayo dukani na picha ya skrini kwenye simu, usianze kubishana kwa maneno.