Siku Windows Ilipojipa Herufi H

Mwaka 2007 diski kuu ya kompyuta yangu ilianza kutoa mlio usiopendeza, nikanunua nyingine, nikaifunga mahali pa ile ya zamani na kusakinisha Windows XP upya kutoka kwenye CD. Usakinishaji wenyewe haukuwa na la kusimulia: skrini ya bluu, kutenga sehemu ya diski, kuifomati, kusubiri faili zinakiliwe. Mfumo uliwaka vizuri. Aliyeona kasoro ni mdogo wangu, aliyekuwa akingoja nimrudishie picha zake, kwani alipobofya diski C ili azitafutie nafasi alipata ujumbe uliomtaka aingize diski kwenye kiendeshi hicho.

“Kaka, hii C mbona inadai diski?” aliuliza. “Kwani Windows umeiweka wapi?”

Nilisogea kutazama. Herufi C, D, E na F zilikuwa zimechukuliwa na nafasi nne tupu za kisoma kadi za kumbukumbu kilichofungwa mbele ya kompyuta, G ilikuwa ya kisoma CD, na diski mpya, yenye mfumo mzima ndani yake, ilikuwa imepewa H. Folda ya Windows, folda ya programu na nyaraka zangu zote zilikuwa na anwani inayoanzia kwenye herufi ambayo nilikuwa nimezoea kuiona kwenye diski za kuchomeka na kuchomoa tu.

Sababu niliielewa baada ya kusoma kidogo. Herufi haikai ndani ya diski, bali ni maandishi ambayo mfumo unajiwekea, na Windows XP huyaandika mapema sana, wakati kisakinishi kinapokagua vifaa vilivyomo. Kisoma kadi cha aina ile huunganishwa kwa njia ya USB, na kila nafasi yake hujitambulisha kama diski inayojitegemea, hata ikiwa haina kadi. Diski yangu ilikuwa mpya kabisa, haina sehemu hata moja ya kupewa herufi, kwa hiyo nafasi nne za kadi zilihesabiwa kwanza, kisoma CD kikafuata, na sehemu niliyoitenga baadaye ikapata herufi iliyobaki. A na B hazikuguswa, kwa kuwa tangu enzi za diski laini (floppy) zimetengwa kwa ajili yake, na ndiyo maana diski kuu ya IBM PC XT ya mwaka 1983, yenye megabaiti 10, ilijulikana kwa herufi C.

Je, H ilikuwa na ubaya gani? Kwa kweli, yenyewe haina ubaya wowote. Programu iliyoandikwa kwa uangalifu haiulizi diski C iko wapi, bali huuliza mfumo uko wapi, na Windows hujibu kupitia kigezo kiitwacho %SystemDrive%. Kivinjari, kicheza muziki na programu ya kuandikia barua zote zilijisakinisha kwenye H bila manung’uniko, na laiti kazi yangu ingeishia hapo ningeiacha herufi hiyo ilivyo na kuizoea. Tatizo lilikuwa programu ya uhasibu niliyoitegemea, ambayo mtengenezaji wake alikuwa ameandika “C:\” moja kwa moja ndani yake, kana kwamba haiwezekani kompyuta ikawa na mpangilio mwingine. Ilijaribu kufungua folda yake kwenye nafasi tupu ya kadi, ikakataa kuendelea.

Nilianza na njia nyepesi. Kwenye zana ya usimamizi wa diski niliinyang’anya ile nafasi ya kadi herufi C na kuipa Z, kisha nikaandika amri ya “subst C: H:\”, ambayo hufanya herufi C iwe jina la pili la H. Folda zilionekana pote pawili, na programu ya uhasibu ikafungua dirisha lake la kwanza. Haikufika mbali. Hifadhidata yake iliendeshwa kama huduma ya mfumo, inayoanza kabla mtu hajaingia kwenye akaunti yake, ilhali herufi inayoundwa na subst huonekana na mtumiaji aliyeiunda tu. Dirisha liliona C, hifadhidata haikuiona, na hazikuweza kufanya kazi pamoja.

Zana ya usimamizi wa diski nayo hukataa katakata kubadilisha herufi ya diski yenye mfumo unaoendesha kompyuta. Ipo njia ya kuizunguka, kupitia rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio yote ya mfumo, lakini watengenezaji wa mfumo walikuwa wameonya kwamba njia hiyo ni ya kurudisha herufi iliyobadilika baada ya usakinishaji, si ya kubadilisha ile ambayo mfumo ulizaliwa nayo. Nilitaka kuona kwa macho yangu onyo hilo lina uzito gani, kwa hiyo nilinakili sehemu nzima ya diski mahali pengine kwanza, ndipo nikafungua sehemu ya rejista iitwayo MountedDevices, ambamo herufi za diski huandikwa. Mbele ya “\DosDevices\H:” palikuwa na baiti 12 tu: nne za mwanzo ni saini ya diski, yaani namba inayoitambulisha, na nane zilizobaki zinaeleza sehemu inaanzia wapi. Zile nane, zilizoandikwa kwa heksadesimali, zilisomeka 00 7E na kufuatiwa na sifuri tupu, yaani baiti ya 32,256, ambayo ndiyo sekta ya 63 (kila sekta ina baiti 512) ambapo Windows XP huanzishia sehemu ya kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa nasaba nzima ya herufi H. Nilibadilisha jina hilo liwe C na kuwasha kompyuta upya.

Windows iliwaka hadi kwenye orodha ya majina ya watumiaji. Nilibofya langu, ikaandika kwamba inapakia mipangilio yangu, na papo hapo ikaandika kwamba inaihifadhi, kisha ikanirudisha kwenye majina. Nikabofya tena, ikanirudisha tena. Mdogo wangu alicheka mpaka akakaa chini. Kilichotokea ni kwamba programu inayomkaribisha mtumiaji, userinit.exe, ilikuwa imeandikwa kwenye rejista kwa anwani yake kamili inayoanzia H, na H haikuwepo tena. Hiyo ni anwani moja tu miongoni mwa nyingi sana ambazo mfumo ulikuwa umejiandikia wakati wa kusakinishwa. Ilikuwa sawa na mtu aliyebadilisha namba ya simu huku kila anayemhitaji akiwa bado na ile ya zamani. Ningeweza kuzisaka na kuzirekebisha moja moja, lakini sikuona sababu ya kuufanyia mfumo mchanga upasuaji wa aina hiyo. Nilirudisha nakala niliyoihifadhi, H ikarejea, nikazitoa picha na nyaraka.

Kisha nilizima kompyuta, nikafungua kifuniko na kuchomoa kebo ya kisoma kadi kutoka kwenye ubao mama. CD ya Windows ikaingia tena. Nilipofuta sehemu ya zamani na kutenga mpya, pembeni yake pakaandikwa C:, na baada ya hapo usakinishaji uliendelea kama kawaida. Windows Vista, toleo lililofuata XP, iliyoanza kuuzwa kwa watumiaji wa kawaida Januari mwaka ule ule, ilikuja na utaratibu mwingine, ambapo mfumo unaosakinishwa kwa kuwasha kompyuta kutoka kwenye DVD hujiona wenyewe kuwa C. Lakini mashine yangu haikuwa na nguvu ya kuibeba.

Programu ya uhasibu ilikubali mara moja. Kebo ya kisoma kadi niliirudisha baada ya mfumo kukamilika, na nafasi zake nne nikazipa herufi za mwisho, W hadi Z, ili diski za kuchomeka zipate herufi za mwanzo bila kugombania.