Chapuo cha shangazi kilivyoniongoza kurekodi roki Nairobi

Wimbo wa kwanza wa albamu yangu unaanza kwa kikohozi cha shangazi yangu, kisha pigo moja la chapuo, ile ngoma ndogo ya mkono, kisha gitaa la umeme lililofunguliwa mpaka sauti yake inapasuka. Kikohozi hicho kilirekodiwa chumbani Ngamiani, hapa Tanga, ilhali gitaa na dramu zilirekodiwa Nairobi miezi miwili baadaye. Tangu albamu itoke, vijana wanaopiga muziki hunisimamisha njiani na kuniuliza nilikwenda studio gani na nililipa kiasi gani, lakini bado sijakutana na aliyeniuliza swali lililonitesa mimi kwa miaka mitatu, nalo ni hili: ukienda kurekodi mbali na watu waliokulia ndani ya mdundo wako, nani atakupigia?

Mchana natengeneza amplifaya na vipaza sauti, na mwisho wa wiki napiga gitaa hotelini. Nilikuwa na bendi ya watu wanne iliyodumu kwa miaka sita, na ilipovunjika nilibaki na daftari lenye nyimbo kumi na nne za roki, zote za Kiswahili, na zaidi ya nusu yake zikiwa katika mwendo wa chakacha, ngoma ya wanawake wa pwani. Hapo ndipo washauri walipoanza kuja. Mmoja aliniambia kwamba roki ya Kiswahili haina msikilizaji, kwa hiyo nitafsiri nyimbo zote ziwe za Kiingereza. Mwingine akasema nihamie singeli kwa sababu ndiyo inayolipa. Wa tatu, ambaye namheshimu kwa mengine yote, alinihakikishia kwamba mtunzi akishaachana na bendi hahitaji tena mpiga dramu, kwa kuwa kompyuta hupiga vizuri kuliko binadamu. Ushauri huu wa mwisho ndio niliouamini, na ndio ulionigharimu.

Lazima niseme pia kwamba Tanga si mahali pa kuambiwa kuwa gitaa la umeme ni jambo la kigeni. Bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz zilivuma kutoka mji huu. Black Star Musical Club waliingiza gitaa na besi za umeme ndani ya taarab, na watu wakacheza. Wilson na George Kinyonga, waliopigia Jamhuri, waliondoka na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakavuka mpaka kwenda Kenya, ambako bendi yao, Simba Wanyika, iliishi na kurekodi kwa miaka mingi. Kwa hiyo niliposema nakwenda Nairobi kurekodi na watu wakashangaa, mshangao wao ulinishangaza mimi zaidi, maana njia hiyo wazee wetu waliikanyaga kabla sijazaliwa.

Lakini kabla ya Nairobi nilikosea. Niliingia studio moja katika mji mwingine wa nchi hii, studio nzuri yenye kiyoyozi na vifaa vingi kuliko nilivyowahi kuona, nikiwa na akiba kama ya laki sita. Prodyuza alinisikiliza nikipiga wimbo mmoja, akatikisa kichwa kwa kuupenda, kisha akafungua programu yake na kutengeneza dramu kwa muda wa dakika kumi. Chakacha hutembea katika mapigo sita, na mguu wa mchezaji hukanyaga mara mbili ndani ya hayo sita. Yeye aliweka manne. Nilimweleza. Akasema nisijali, gitaa litajipanga lenyewe. Nilirekodi gitaa likiwa limechomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta bila amplifaya, na nilipomaliza akabonyeza kitu kimoja, programu ikaanza kuvuta kila pigo langu kwenda kwenye mstari uliokuwa karibu nalo. Nilikuwa nimekaa nyuma yake nikitazama kwenye kioo cha kompyuta yale mawimbi ya sauti yakihama mahali pake, moja baada ya jingine, na nilisikia kila kitu nilichojifunza kwa kusikiliza ngoma za harusi za mtaani kwetu kikinyooshwa mpaka kikawa muziki wa mtu mwingine. Sikulalamika, na hilo ndilo kosa langu. Nililipa, nikapanda basi, nikausikiliza wimbo ule njia nzima, na nilipofika nyumbani sikumpigia mtu yeyote.

Karibu mwaka mzima ulipita. Jioni moja nilikuwa kwa shangazi, ambaye ujanani alikuwa mpigaji wa kutegemewa katika ngoma za wanawake, nikimpigia gitaa ule wimbo. Bila kuambiwa, akaanza kugonga meza kwa vidole. Vidole vile vilikuwa vinasema kila kitu nilichoshindwa kumweleza prodyuza. Nikamwomba anipigie chapuo chake nirekodi.

Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Simu yangu niliiweka karibu na ngoma, na kilichorekodiwa kilikuwa mkwaruzo mtupu, kwa sababu chapuo kikipigwa karibu kina nguvu kuliko maikrofoni ndogo ya simu inavyoweza kustahimili. Siku ya pili nilikuja na maikrofoni yangu ya jukwaani na kisanduku cha kurekodia, nikaegemeza magodoro mawili ukutani, nikatundika kanga na mikeka kwenye kuta nyingine ili sauti isirudi. Tatizo likawa ngozi. Hewa ya Tanga ina unyevu mwingi, na ngozi ya mbuzi hulegea upesi. Shangazi alikuwa akiwasha karatasi za maboksi uani, anakizungusha chapuo juu ya moto, anakigonga kwa kidole cha kati, anasikiliza, anakirudisha tena motoni, kisha anaingia chumbani kwa haraka ili tuwahi. Tulikuwa na kama dakika nane za sauti nzuri kila mara kabla ya ngozi kushuka.

Nikamvalisha hedifoni zenye metronomu, ule mlio wa kuhesabu mapigo. Alipiga kwa dakika moja, akazivua.

"Mwanangu, hiki kidude hakichezi," akasema. "Kinahesabu tu. Nitakifuataje?"

Nilitaka kubishana naye, lakini nilimwacha apige anavyojua, akiimba polepole maneno ya wimbo wangu ili asipotee kwenye beti. Nilipopima baadaye, alianza na mapigo 104 kwa dakika na kumaliza na 109. Mwendo ulipanda kidogo kidogo, hasa alipofika kwenye kiitikio, na kila ulipopanda nilihisi nywele zikinisimama. Hakukosea hata pigo moja. Alikuwa anaharakisha pale ambapo mchezaji yeyote angeharakisha.

Hapo nikapata wazo ambalo naona fahari kulieleza. Kwa kawaida wanamuziki wa studio hufuata metronomu masikioni, na kila kitu hupangwa kwa mistari ya kompyuta. Mimi niliamua kwamba kompyuta ndiyo itakayomfuata shangazi. Nilikaa usiku kadhaa nikiweka alama kwenye kila mwanzo wa mapigo sita katika rekodi yake, mmoja mmoja, mpaka programu ikachora ramani ya mwendo inayopanda na kushuka pamoja naye. Nilifanya hivyo kwa nyimbo saba. Kazi hii mtu aifanye nyumbani, kwa sababu studio huhesabu saa, na saa moja ya studio ni zaidi ya mapato yangu ya siku nzima.

Safari yenyewe haikuwa na mengi. Nilivuka mpaka Horohoro kuingia Lungalunga upande wa Kenya, nikavuka kivuko cha Likoni, nikapanda treni Mombasa asubuhi na kufika Nairobi mchana. Jambo moja tu: niliandika kwenye karatasi namba za gitaa, za kisanduku cha kurekodia na za pedali zangu, nikaambatanisha risiti, na afisa wa forodha upande wetu akanigongea muhuri kabla sijatoka. Wakati wa kurudi, karatasi ile ilimaliza maswali kwa dakika mbili.

Nilichagua Nairobi kwa sababu ina wapigaji wa roki waliozoea kurekodi dramu za kweli katika chumba kikubwa, na kwa sababu tunaelewana lugha. Nilikodi studio kwa siku nne na kumlipa mpiga dramu kwa siku. Alikuwa kijana mwenye nguvu na adabu, na siku ya kwanza nusu yake ilipotea. Alisikiliza chapuo kwenye hedifoni, akainua fimbo, akashusha, akanitazama.

"Kaka, moja iko wapi?" akauliza.

Kila mpiga dramu huuliza hivyo, anataka kujua pigo la kwanza liko wapi ili aweke mguu. Nilimhesabia. Nilimchorea. Nilimpigia makofi. Kila alipoingia aliingia nusu pigo kabla au baada, na wimbo ukawa unachechemea. Fundi mitambo akapendekeza tuweke metronomu juu ya chapuo, nikakataa kwa sababu nilijua tungerudi kule kule nilikotoka. Mwishowe nikakumbuka jinsi shangazi alivyokuwa akiimba huku akipiga. Nikamwomba kijana aweke fimbo chini, ajifunze ubeti wa kwanza kwa kuuimba tu pamoja na ile ngoma, mara tano au sita, huku mguu wake ukigonga dramu kubwa pale ambapo neno linataka. Hakuhesabu tena. Mara ya saba alichukua fimbo bila mimi kumwambia, na tulirekodi dramu za wimbo huo kwa mara moja, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alipomaliza alikaa kimya, kisha akaniomba amsikie mama aliyekuwa akipiga ile ngoma akiwa peke yake, bila dramu zake juu. Siku ya pili alipiga nyimbo nne.

Gitaa langu nalo lilinipa kazi. Lilizoea unyevu wa baharini, na Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,700 na hewa yake ni kavu. Kufikia asubuhi ya pili shingo ilikuwa imenyooka kupita kiasi, nyuzi zikawa zinakwaruza vyuma vya shingoni. Anayetoka pwani afike siku moja kabla, aliache gitaa nje ya begi usiku kucha, kisha alegeze kidogo chuma cha ndani ya shingo kwa spana yake, robo ya mzunguko na si zaidi. Mimi nilirekebisha huku saa za kulipia zikikimbia.

Amplifaya niliitega mwenyewe, maana ndiyo kazi yangu. Tulitumia maikrofoni ya Shure SM57, ikigusa karibu kabisa kitambaa cha spika. Ikikabili katikati ya spika sauti huwa kali na kuuma. Ukiisogeza pembeni kwa upana wa kidole gumba, hunenepa. Fundi mitambo alikuwa chumba cha pili akinisikiliza, na mimi nilikuwa nimepiga magoti nikiisogeza maikrofoni kidogo kidogo, mpaka sote wawili tukasema "hapo" kwa wakati mmoja. Tuliweka alama sakafuni kwa utepe na hatukuigusa tena hadi siku ya mwisho.

Sauti yangu niliiimba usiku wa tatu na wa nne. Kiswahili chote, hata neno moja halikutafsiriwa.

Kabla ya kuondoka nilidai njia zote za kila wimbo, yaani rekodi ya kila sauti peke yake, zile ghafi, kwenye diski mbili, moja begini na nyingine mfukoni. Usiridhike na wimbo uliokwisha kuchanganywa peke yake. Tulirekodi kwa biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde, na kwa kipimo hicho njia moja hula karibu megabaiti 9 kwa dakika. Wimbo wa dakika tano wenye njia ishirini unakaribia megabaiti 900, na kwa bando langu ningekuwa bado nazipakua mpaka leo. Vilevile tuliandikiana karatasi moja na mpiga dramu, kwamba amelipwa kiasi gani, kwamba jina lake litatajwa, na kwamba nyimbo na rekodi ni zangu. Nyimbo nilizisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, niliporudi, kwani kurekodi nje hakumwondolei mtunzi haki yake nyumbani. Nauli, chakula, studio na mpiga dramu, vyote kwa pamoja vilikuwa milioni mbili na kitu. Malazi nilipewa na rafiki.

Kazi ya kuchanganya tuliifanya kwa kutumiana matoleo, fundi mitambo akiwa kule na mimi hapa. Toleo la tatu niliona limekamilika, nikalipeleka kwa shangazi. Alikaa kwenye kiti chake uani, nikamvalisha zile zile hedifoni alizozikataa. Alicheka aliposikia kikohozi chake. Kisha akanyamaza, akafumba macho, na ubeti wa pili ulipoingia akainua mkono.

"Hapa umenifunika," akasema. "Hilo gitaa limenikalia."

Nilirudisha nyuma, nikasikiliza, na alikuwa anasema kweli. Usiku ule ule nilimwandikia fundi mitambo apandishe chapuo kwa desibeli mbili kuanzia ubeti wa pili, naye akakubali kwamba kinasikika sasa kama kilivyosikika chumbani. Hilo ndilo toleo lililotoka.