Moshi hadi Tarakea kwa pikipiki: kazi iko kwenye kushuka

Mkipanga msafara wa pikipiki wa Rombo, ubavuni mwa Mlima Kilimanjaro, swali la kwanza huwa kama Boxer itapanda. Itapanda. Hata ya cc 125 yenye abiria itapanda, kwa gia ndogo na subira. La kuuliza ni itashukaje, kwa sababu kutoka Marangu Mtoni kurudi Himo ni mteremko mrefu, na mnaukuta jioni, mikono imechoka na breki zimeshinda kazini.

Njia haipotezi mtu: Moshi, Himo, Marangu Mtoni, Mwika, Mkuu, Tarakea, kisha mnageuza. Kwenda tu haifiki kilomita 100, na ni lami. Ondokeni saa 12 na nusu asubuhi. Jua likipanda, mlima unafunga kwa mawingu, na upande wa Rombo ndiko kilele cha Mawenzi kinakokutazama uso kwa uso. Ni hasara kufika huko ukaangalia mawingu. Pikipiki ya cc 150 haitazidi lita 5 kwenda na kurudi, kwa hiyo jazeni Moshi.

Jioni ya kuamkia safari, kagua cheni ukiwa na mtu amekalia pikipiki. Katikati ya sproketi mbili iwe na mchezo wa milimita 20 hadi 30. Mafundi wengine huikaza mpaka ilie, wakidhani ndiyo usalama. Pikipiki ikiingia kwenye tuta na mzigo, cheni hiyo inavuta beringi na inaweza kukatika. Waya wa klachi nao uachiwe kama sentimita 1 ya mchezo kwenye mkono. Ukiubana sana waya huo, klachi haishiki yote: mlimani injini inalia, pikipiki haiendi, na baada ya muda mnasikia harufu ya kuungua. Upepo, kwa tairi za 2.75 mbele na 3.00 nyuma, ni psi 25 na 28. Ukiwa na abiria, nyuma weka 32. Tairi lenye upepo mdogo huteleza kwenye rimu, likaivuta tyubu na kuikata shingoni pale kwenye vali. Hapo kiraka hakisaidii, ndiyo maana msafara ubebe tyubu nzima, ya mbele na ya nyuma, pamoja na pampu, spana ya akseli, plagi, waya wa klachi na fyuzi. Seti moja inatosha wote, ila ibebwe na wa mwisho. Akibeba wa kwanza, vifaa vitakuwa Mkuu na pancha iko Mwika.

Mpangilio wa watu ndio unaoharibika mapema kuliko kitu kingine. Mwenye pikipiki dhaifu awe wa pili, nyuma ya kiongozi, na huyo dhaifu ndiye apange mwendo. Mkizidi 8, gawanyikeni mara mbili. Msilazimishe kuonana muda wote, maana anayeachwa ataanza kukimbiza kwenye kona. Kila mmoja anawajibika kwa aliye nyuma yake tu: kwenye njia panda unasimama mpaka umwone, ndipo unakwenda. Barabara iliyonyooka mnaweza kujipanga kwa kupishana, mmoja kushoto na anayefuata kulia, ndani ya upande wenu. Kwenye kona, mstari mmoja, kila mtu na nafasi yake.

Na kona za huko zina mambo yake. Barabara inashuka korongoni, inavuka daraja, inapanda tena. Pale migomba inapoegemea barabara kunabaki unyevu hata saa 4, na mfongo (mfereji wa maji wa Wachaga) ukifurika unaleta tope jekundu juu ya lami. Punguza mwendo kabla ya kuingia kona, siyo ndani yake. Siku ya soko, tegemea gari la ndizi limesimama popote.

Mkishakula mtori Mkuu (mbege isubiri nyumbani), rudini taratibu. Gia uliyopandia kilima asubuhi ndiyo ya kukishukia. Injini ikushikilie, breki ziguswe kidogo na kuachiwa, zote mbili. Anayeweka fri (anatoa gia) ili aokoe mafuta anaokoa ya shilingi chache, na uzito wote anaukabidhi kwa dramu mbili ndogo za breki. Zikipata moto, kiatu cha breki kinapoteza mshiko, unakanyaga na pikipiki inaendelea. Ukihisi pedali inashuka kuliko kawaida, shusha gia, tafuta pembeni, simama dakika 15 au 20. Usizimwagie breki maji, chuma cha moto kikipoa ghafla kinaweza kupinda au kupasuka.

Panga kituo hicho hata kama hakuna anayelalamika, katikati ya Marangu na Himo. Sogeza kiganja karibu na habu ya nyuma (kitovu cha gurudumu) ya kila pikipiki bila kuigusa. Ambayo joto lake linakurudisha mkono, mwenyewe alikuwa anashuka kwa breki. Mkifika Himo abiria wake ahamie pikipiki nyingine.