Kikapu kile kile, picha nyingine

Jamani, vikapu vyetu vya ukili vilikaa mtandaoni wiki tatu bila hata mtu kuuliza bei. Nilikuwa navipiga picha usiku, chini ya taa ya sebuleni, flashi imewaka. Ukili mweupe ukatoka wa njano, na ile zambarau aliyoitia mama kwa mkono wake ikaonekana nyeusi. Iliniuma, maana kusuka kimoja ni kazi ya siku nne.

Jumamosi nikaamka mapema. Hapa Ngamiani jua la saa sita ni kali, linatupa vivuli vizito, kwa hiyo nikapiga saa mbili asubuhi, barazani, kivulini. Nyuma nikatundika shuka jeupe lililopigwa pasi. Nikafuta kamera ya simu kwa ncha ya kanga (msisahau hili, mafuta ya vidole yanatia ukungu), flashi nikazima, na badala ya kuvuta picha kwa vidole nikasogea mwenyewe.

Kwanza kikapu kizima. Kisha karibu kabisa, hadi mshono wa mkono wa ngozi unahesabika. Kitako. Ndani nikaweka chupa ya maji ya lita moja na nusu ili mteja ajue ukubwa. Kimoja kina ukili uliochomoka pembeni. Nao nimeupiga, sitaki mtu afungue mzigo asikitike.

Jana dada mmoja wa Muheza kaandika: "Kile chenye zambarau bado kipo?" Mama alikuwa jikoni. Nimemsomea ujumbe ule mara mbili.